Fremu za Mzee Futi

Chuoni, kabla sijaiacha diploma njiani, mwalimu alituuliza kwa nini kuna nchi zenye kila kitu ambazo mpaka leo hazitaki kupima kwa mita. Tukajibu kama watu wanaotafuta alama: gharama, viwanda, kiburi. Baba yangu mdogo, seremala, angejibu kwa kukuonyesha kidole gumba. Inchi yake ipo pale, kwenye kiungo cha juu. Sentimita hana pa kuiweka.

Mtaani wanamwita Mzee Futi. Kila kitu katika karakana yake kinaongea inchi: mbao zinaletwa mbili kwa nne, misumari hivyo hivyo, vitanda futi tano kwa sita. Hajawahi kuja bwana harusi akaomba kitanda cha sentimita. Ila siku hizi mabwana harusi wananunua vya kiwandani, na mwenye chumba cha karakana alishaanza kuleta wapangaji wapya wa kukikagua.

Ndiyo maana kazi ya madirisha ya shule ilipokuja, baba mdogo alivaa shati la kutokea. Fremu za kwanza zikipokelewa, angepewa na milango na madawati, na karakana ingebaki yake. Mchoro ukaja wa milimita.

"Sifuri zote hizi za nini? Hili dirisha au namba ya simu?"

"Ni sentimita mia na ishirini, baba mdogo. Tumia upande wa pili wa tepu."

Akanionyesha. Upande wa pili ulikuwa mweupe kama meno ya tangazo. Kwa miaka yote gumba lake lilikuwa linakaa hapo anapopima inchi, likazifuta sentimita zote. Nikamnunulia tepu mpya, akaitundika msumarini pamoja na kalenda.

"Inchi ni sentimita mbili na nusu, kila fundi anajua," alisema, akapiga hesabu ubaoni kwa penseli. "Arobaini na nane. Futi nne! Si wangesema tu?"

"Inchi inazidi mbili na nusu, baba mdogo."

"Kwa kiasi gani?"

"Kama unene wa ukucha."

"Ukucha!" Alicheka mpaka akaegemea benchi. "Randa yangu inakula zaidi ya hapo. Rudi chuoni, mwanangu, ukamalizie hiyo nusu iliyobaki."

Kucha arobaini na nane zikilazwa pamoja zinafika upana wa gumba. Upana huo ndio uliotukuta shuleni. Fremu ya kwanza ikagoma, ya pili ikagoma. Baba mdogo akaweka bega, akasukuma.

"Mzee, hilo dirisha, siyo gari bovu," alisema msimamizi, kijana wa rika langu. Mafundi wakaangua kicheko.

"Chongeni ukuta kidogo."

"Lipu imeshapigwa, mzee."

Kupunguza fremu hakukuwezekana. Pembe zake alizifunga kwa ulimi na gundi, kazi safi kweli. Ukitaka kuzifungua lazima uvunje.

"Nipe wiki moja, mwanangu. Natengeneza nyingine."

"Tumeshaagiza za alumini, mzee wangu. Samahani."

Tulirudi na mkokoteni umejaa vilevile. Mama mdogo alikuwa mlangoni.

"Zimeingia?"

"Zilikaribia," alisema mumewe.

Akashusha tepu mpya msumarini, akapima benchi lake mwenyewe. Alikodolea macho namba, akarudia, akanigeukia.

"Hapa imeandika mia na themanini na tatu. Ni futi ngapi?"

"Sita, baba mdogo."

"Sita," alisema, kama mtu aliyeambiwa jina la mtoto wake.

Mwenye chumba akaingia na mtu anayetaka kukipanga afungue duka la simu. Walikipima chumba kwa hatua, kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma, wakihesabu kwa sauti. Walipofika kwenye fremu, baba mdogo aliinama, akazisogeza wapite.