Gari la Baba Lililoinama Nyuma

Enzi zetu gari la mtu ulilijua kwa mlio kabla hujaliona. La Baba lililia krrr, krrr, kila lilipoingia shimo, na baada ya mlio ikaja harufu ya mpira unaoungua. Pale kwetu Nkubu tukiinusa harufu hiyo tulijua Baba amefika kona ya kanisa, tukakimbia kufungua geti. Hata leo wengine wakiziba pua kwa harufu hiyo, mimi nafumba macho. Naiona ile stesheni wagoni ya rangi ya maziwa ikija taratibu ndani ya ukungu, pua juu, matako chini, kama kuku anayetaka kutaga.

Springi za nyuma zilikuwa zimelala. Zisilale vipi? Gari lile lilibeba mbolea, mikungu ya ndizi, kwaya ya kanisa, na siku moja ndama mgonjwa aliyelamba masikio ya Baba njia nzima. Mzigo ukizidi, tairi lilipanda likagusa madigadi, lile bati la juu yake, likaanza kukwaruzwa. Baba, mwalimu mwenye hasira za karibu, alichoka nalo. Jioni moja akiwa na kikombe cha chai akasema, "Tairi litatupasukia njiani tufe sote. Hili nalitafutia mnunuzi."

Mama aliendelea kuchambua maharagwe, ila mikono yake ilipunguza mwendo. Mama alizaliwa Gachoka, kule chini Mbeere kwenye joto, na mama yake, Cucu wetu, aliishi huko peke yake, magoti yamekataa safari. Bila gari lile Mama angemwona Krismasi tu, tena kwa bahati. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa, na liliniuma.

Kesho yake Mama alienda mwenyewe kumwita Fundi Muriuki, mwenye gereji nyuma ya soko. Fundi akalipiga gari jeki, akatoa springi zilizochoka, akaweka nyingine nene za gari lililokufa, kisha akakunja kwa nyundo ule ukingo wa madigadi uliokuwa unakula tairi. Halafu akasema, "Mwalimu, leta mzigo wa safari na watu wa safari, tulijaribu." Basi tukapakia viazi, nduma, ndizi na mtungi wa maziwa, tukaingia sote, na mama mmoja wa kwaya aliyekuwa anapita akaitwa aongeze uzito. Akauliza kama anaitwa kwa wema wake au kwa makalio yake. Woi, tulicheka mpaka gari likatikisika! Fundi akaingiza ngumi kati ya tairi na madigadi, ikapita bila kugusa.

"Haya," Baba akasema. "Twende Gachoka mara hii tuone. Likikwaruza tena, nauza."

Safari ile naiota mpaka leo. Makona ya Thuci, baridi ya mlima ikibaki nyuma, sisi tukivua sweta, upepo wa moto ukiingia na harufu ya vumbi na mbuzi. Na kimya! Hakuna krrr. Mama aliimba chini kwa chini kwa Kimbeere cha utoto wake, Baba akipiga usukani kidogokidogo kwa kidole.

Lakini sote, pamoja na Fundi, tulisahau kitu ambacho mtu wa kwetu hafai kusahau. Kwetu mgeni harudishiwi kiondo, kikapu alicholetea zawadi, kikiwa kitupu. Tulikuwa tumepima mzigo wa kwenda, wa kurudi hatukuuwaza. Cucu alitoa magunia ya ndengu na mtama, asali, maembe, na juu ya hayo mbuzi. Viondo vyetu alivijaza mwenyewe, akivishindilia kwa ngumi. Baba alizunguka gari akilitazama linavyoshuka, shati limelowa jasho. Tukaondoka, na kabla hatujatoka getini, krrr.

Baba akazima injini. Mama akainamisha kichwa. Cucu akasogea na fimbo yake, akauliza polepole, "Sasa mtanishushia kipi?"

Baba akatoka nje, macho chini kwa heshima ya mkwe, akasema, "Hakuna kinachoshuka hapa, Mama. Watashuka watu."

Tukashuka. Baba akaendesha mbele polepole, yeye na mbuzi, sisi tukafuata kwa miguu kuelekea barabara nzuri. Cucu akasema atatusindikiza kidogo. Magoti yale yale aliyoyalaumu kila siku yalimfikisha mpaka barabarani! Bado naona lile vumbi jekundu na jua la jioni, Mama na mama yake wameshikana mikono kama wasichana wanaotoka kuchota maji, wakicheka mambo yao ya zamani. Baba alisimama kila mara kuwangoja, akijifanya anakagua tairi. Mwishowe Cucu alirudishwa na mkokoteni wa punda wa jirani, akitupungia mkono mpaka akapotea. Pale barabara haikuwa na mashimo, tukapanda sote, na Baba hakutaja kuuza tena.

Vijana wa siku hizi nao! Mwanangu amekata springi za gari lake makusudi ili liiname, ati ndiyo staili. Tairi likikwaruza anafurahi. Nikamwambia, "Babu yako alihangaika kuuondoa ugonjwa huo, wewe unaulipia?" Akacheka. "Mathe, hizo ni za kitambo."

Gari langu mimi halikwaruzi. Limesimama wima, hata fundi hulisifu. Juzi nilipita Gachoka nikasimama palipokuwa na geti la Cucu. Nilikuwa nimebeba mkate na sukari kwenye kiondo, mazoea tu, maana Cucu alishaondoka duniani, na Mama akamfuata. Nilikaa pale kidogo, kisha nikawasha gari. Siku hizi ni lami mpaka nyumbani. Kwenye makona ya Thuci nilijikuta nimezima redio, natega sikio kule nyuma. Nilisikiliza njia nzima. Gari lilikwenda kimya, jepesi, kwa sababu hakuna mtu aliyenipakia kitu.