Kitambaa Juu ya Kompyuta

Kabla sijaingia chumbani nilisikia feni zikihema kama ng'ombe aliyekimbizwa. Kompyuta yetu yenye kadi mbili za kuchakata picha ilikuwa inamalizia video ya harusi. Binti aliyeolewa alikaa akiisubiri, kwa kuwa basi lilikaribia kuondoka kwenda Lingeka, kwa bibi yake mgonjwa ambaye hakuweza kuja harusini. Mama alikuwa ameifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma, kuikinga na vumbi la kinu kipya cha pamba cha tajiri mmoja jirani.

“Mayu,” nilimwambia mama, “inapumulia hapo.”

“Redio naifunika kila siku, mbona inaimba?”

Nilikitoa kitambaa, nikaipepea kwa ungo. Ikajizima kwa joto, kazi yote ikapotea. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa hata kuomba radhi.

“Basi nitamsimulia bibi kwa mdomo,” binti alisema, akatoka, akaufunga mlango.