Dawa ya Papa itaniulia mbwa wa tatu

Admin, ficha jina langu na hata mtaa wangu, maana Kisangani tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane. Nina mume na binti mmoja, na baba yangu mzazi, tunamwita Papa, anaishi kwetu tangu mama afariki. Mtanicheka kuleta habari za mbwa hapa, mahali watu wanalilia ndoa zao. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho, kwa sababu nimechoka kweli.

Mume wangu ni mlinzi wa usiku kule Bangboka, uwanja wa ndege. Wezi walipotubebea sufuria, tena na sombe yangu ya majani ya muhogo ikiwa ndani, tukatafuta mtoto wa mbwa. Papa akasema huyo atamlea yeye. Nilifurahi, sitaficha. Tangu msiba alikuwa anashinda kwenye kiti bila neno, na mbwa alipoingia nyumbani ndipo mzee alipoomba wembe anyoe ndevu.

Sasa huo ulezi wenyewe. Papa ni mtu wa Yahuma, mtoto wa mwindaji. Kwao mtoto wa mbwa hutiwa dawa puani na mdomoni: pilipili na tumbaku vinatwangwa pamoja, halafu vinachanganywa na lotoko, ile pombe kali. Wanasema inamfanya mkali na magonjwa yanamkimbia. Mbwa wa kwanza alihara na kutapika mpaka akaisha. Wa pili vilevile, na binti yangu akagoma kula. Mara zote mbili Papa alisema kuna jirani mwenye jicho baya.

Huyu wa tatu nilimwitia daktari wa wanyama mapema. Akampa dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza. Akanieleza kwamba mwaka wa kwanza mbwa ni wa kuchungwa kama mtoto mchanga: maji safi, chakula kisicho na miiba ya samaki, kupe watolewe, asichezee nje na mbwa wengine kabla chanjo hazijaisha. Ya pili ni Jumamosi hii, lakini akimkuta anahara hatamchoma. Na dawa ya pua akasema wazi kuwa ndiyo iliyoua wale wawili.

Papa alimsikiliza kwa heshima, kisha akamsimulia habari za Radi.

Radi alikuwa mbwa wetu wakati wa uasi. Papa alikuwa anafanya kazi kwenye treni ya Ubundu. Kabla ya safari yake ya mwisho alimtia Radi dawa, akamwachia mama chupa aendelee nayo. Vita vikamkuta huko, treni ikasimama, akakwama miezi mingi. Mdogo wangu akafa kwa homa, tukamzika bila baba. Papa aliporudi alikuta kuta zimetobolewa na risasi, mtoto hayupo, mama amekonda, na Radi mnene anabweka mlangoni.

"Docteur," akamwambia, "mu ile vita sikuweza kuchunga bibi, sikuweza kuchunga mutoto. Ile imbwa tu ndiyo niliponesha."

Daktari akainamisha kichwa. Mimi nikakimbilia jikoni, kwa sababu najua kitu ambacho Papa hajui. Ile chupa mama aliimwaga nyuma ya choo siku ileile Papa alipoondoka. Radi aliishi kwa chikwangue ya mama, ule mkate wa muhogo. Alikuwa anaikata, anailainisha kwa maji, anampa, akisema bila mbwa hatutasikia waporaji wakiingia uani. Kukonda kwake na kunenepa kwa Radi vilitoka kwenye sahani moja. Nilipotaka kumwambia Papa, mama alinivuta mkono.

"Nyamaza. Mutu mwenye vita ilimukamatia yote, umuachie hata kimoja."

Nimenyamaza mpaka leo, na mama amekwenda na siri hiyo kaburini.

Najua mtaniambia nifanye kama mama, nimwage. Mama alibahatika, Papa alikuwa safarini. Leo mzee hatoki. Anatwanga mpya kila mara, anampakata mbwa, anamtia kwa mkono wake, na anayeondoka kwenda sokoni ni mimi. Nilificha pilipili, akaenda kuomba kwa jirani. Nikamsihi, nikamkumbusha wale wawili waliokufa. Hakukasirika hata kidogo. Alinishika bega, akasema, "Weye ulikuwaka mutoto, haukuona." Mimi ambaye niliona yote.

Mume wangu anasema mbwa apelekwe kwa ndugu zake. Lakini Papa atarudi kwenye kile kiti chake, na safari hii sidhani kama atainuka. Tena mbwa mwenyewe anampenda yeye kuliko sisi wote. Mzee anamuumiza, mbwa anakohoa, anatoa machozi, halafu anarudi kulala juu ya miguu yake. Jana ametapika kidogo. Nimefuta haraka kabla binti yangu hajaona.

Nimwambie mzee kwamba hata Radi si yeye aliyemponya? Au nimwachie kimoja chake, nichimbe shimo la tatu? Wenye wazazi waliotoka kwenye vita kama wangu, nisaidieni mawazo. Ninapoandika hapa nasikia kinu kule nyuma. Nijibuni kabla hakijanyamaza.