Kiwele cha Ng'ombe wa Dada

Dada yangu aliponiomba niandike "safi" kwenye mstari wa ng'ombe wake daftarini, nilipaswa kukataa. Niliandika.

Tulifuga pamoja, yeye ng'ombe mmoja na mimi mmoja, kwenye banda lililokuwa katika shamba la mama yetu, juu ya mji wa Morogoro, pale mlima unapoanza kuwa mkali. Kwetu Waluguru shamba hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno zito nyumbani kwa dada yake. Watafiti wa chanjo ya ugonjwa wa kiwele walipotafuta ng'ombe wa majaribio, daftari la kumbukumbu za maziwa walinipa mimi, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne. Kila asubuhi nilikamua kidogo kutoka kila chuchu kwenye kibao chenye vishimo vinne, nikadondoshea dawa yao, nikatikisa. Maziwa yasiyo na ugonjwa hubaki majimaji. Yenye ugonjwa huvutika kama ute wa yai.

Siku tatu kabla ya sindano ya pili ya chanjo, maziwa ya ng'ombe wa dada yalivutika.

"Mjomba wa wanangu, andika safi," alisema. "Ukiandika mgonjwa, watamruka."

"Ndiyo wamruke, atibiwe kwanza. Chanjo inakinga, haiponyi."

"Sindano ni sindano. Wewe na shule yako, hata jogoo akiwika utamdai cheti."

Wanawe walicheka, nami nikacheka. Nikaandika safi siku hiyo na mbili zilizofuata. Nilijua amekosea. Nilijua pia kwamba dawa ya kutibu ilikuwepo. Ila kumnyima dada jambo mbele ya watoto wake ni aibu, na nilipenda kuonekana mjomba mwenye uwezo. Niliendelea kufuta viwele vyote viwili kwa kitambaa kilekile.

Ng'ombe wa dada akachomwa sindano. Baada ya wiki kiwele chake kilikuwa kigumu, maziwa yakatoka na damu. Wangu naye akaanza kuvimba. Daktari wa mifugo wa watafiti, binti wa umri wa mwanangu, alikuja na majibu ya maabara.

"Shikamoo, mzee. Hebu nisomee zile siku tatu kabla ya sindano."

"Marahaba. Safi. Safi. Safi."

"Na kwenye kibao?"

Nilimweleza ukweli. Hakunigombeza. Aliwatibu ng'ombe wote wawili, akachukua daftari, akasema banda letu limetoka kwenye majaribio. Ng'ombe wangu alipona. Wa dada alikauka chuchu tatu, akaenda kwa mchinjaji.

"Mimi nilikuomba kwa kutojua," dada aliniambia. "Wewe ulijua. Ungekataa."

Alisema kweli. Mwaka uliofuata binti yake aliposwa. Barua ya posa, ambayo kwetu hupokelewa na mjomba, ilipokelewa na binamu yetu, nami nikaonyeshwa kiti upande wa wageni. Sijasemeshwa na dada tangu aliponiambia maneno yale. Kwa kuandika neno nililojua ni la uongo, nilimpoteza dada yangu wa pekee, na wanawe hawaniiti mjomba.