Binti Anayeunga Shaba na Alumini

Binti yangu wa kwanza anaunga shaba na alumini kwa mwanga. Si moto wa kuchomelea mageti ninaoujua mimi. Ni leza, na mwanga wake hauonekani kwa macho. Karakana yao hutengeneza betri kubwa, na wenzake humwita Sindano kwa sababu mshono wake ni mwembamba na haukatiki.

Alinieleza kazi hiyo tukichambua mchele. "Hizi metali mbili hazipendani, mama. Zikiyeyuka zikachanganyika sana, kiungo kinakuwa kama biskuti. Ukikigusa, kwisha. Mwanga lazima upite palepale zinapokutana, usihame hata unywele."

"Na miwani unavaa?"

"Mama nawe! Ungekuwa polisi ungeshapandishwa cheo."

Alicheka, lakini hakunijibu. Mimi niliishia darasa la saba, ila mtoto niliyemzaa namsoma. Nilimdadisi siku tatu mpaka akasema. Miwani yao ni ya kijani, na ukiivaa, shaba na alumini hufanana. Basi yeye huiinua kidogo auone mstari, kisha huishusha. Kifuniko cha mashine nacho huachwa wazi ili kazi iende haraka, na shaba hurudisha mwanga kama kioo.

"Lakini hauchomi, mama. Sisikii chochote."

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kitu kinachounguza bila kuuma kitakuonya kwa lipi?

Mwezi uliopita akaanza kuhangaika na ufunguo mlangoni. Akimimina chai, anainamisha kichwa upande. Simu anaisoma kwa pembe ya jicho. Jumapili asubuhi nikamketisha jikoni.

"Ziba jicho la kushoto. Niangalie mimi."

"Michezo gani tena hii?"

"Ziba."

Akaziba. Alikuwa anacheka, kicheko kikamwishia mdomoni.

"Unaona nini?"

"Masikio yako nayaona. Kilemba nakiona. Uso haupo."

Nikasimama nitafute viatu twende hospitali. Akanikamata mkono. "Mama, wakijua wataniondoa kwenye mashine. La kushoto bado zima. Ukisema, usiniite tena mwanao."

Jumatatu nilimfuata kazini.

Msimamizi wao, mwanamume wa masharubu mazito, alinipokea kwa adabu. "Shikamoo, mama. Kwema nyumbani?"

"Marahaba. Nyumbani kwema. Ubaya uko hapa."

Nyuma ya kioo Sindano alinitikisia kichwa, polepole, mara mbili. Nikasema yote: miwani, kifuniko, uso usiokuwepo. Nilidhani msimamizi atanifukuza. Badala yake akageuka, akasema, "Zimeni mashine."

Binti yangu alivua glavu, akanipita kama mtu anayepita nguzo ya umeme. Nilitaka kumkimbilia, lakini msimamizi alikuwa ameshawaita wengine watatu waliowahi kuikalia mashine ile. Akawapanga mbele yake, akawaambia wazibe jicho moja, kisha la pili, na kila mmoja ataje anachokiona usoni pake.

Wa kwanza akasema, "Masharubu, bosi, na yanahitaji mkasi." Wakacheka.

Wa pili akataja pua.

Wa tatu alitazama kwa muda mrefu. Akabadilisha kiganja, akatazama tena. "Masikio nayaona, bosi," akasema.