Kindege cha Kwenye Mierebi

"Enid, hivi kila siku unafuata nini kule kwenye mashimo ya kokoto? Ndege ni walewale, matope ni yaleyale!"

Jirani yake, Bi Ollerenshaw, alimuuliza hivyo siku moja wakiwa uani. Enid akacheka tu. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akilizunguka bwawa lililojaa kwenye mashimo yale kabla ya kifungua kinywa, darubini shingoni, daftari mfukoni. Asichokiona wala kukisikia mwenyewe, hakukiandika. Ndivyo alivyofunzwa na baba yake.

Asubuhi ile ya Oktoba ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Ndio mwezi wa vile vindege vidogo kuliko vyote, vinavyovuka bahari na mstari wao wa dhahabu utosini, sauti yao nyembamba kama ncha ya sindano. Enid alisimama chini ya mierebi, miti ile inayoinamia maji, akasubiri. Kimya. Akahamia mti wa pili, wa tatu. Kimya. Sauti za kunguru na bata alizisikia, lakini mierebi ilikuwa kama imekufa. Au dhoruba ya juzi imevimaliza vyote baharini?

"Ee Bwana, visiwe vimeisha," akanong'ona.

Desmond, mwenzake wa kuangalia ndege, akatokea kwenye ukungu, buti zimejaa tope.

"We mama, umesimama kama mlingoti! Umevisikia lakini? Vinapiga kelele kama watoto wa shule wametoka darasani."

"Wapi?"

"Si hapo juu ya kichwa chako!"

Enid akainua uso. Jani la manjano lilitikisika, kindege kikajitokeza, mdomo wazi, koo likitetemeka. Hakusikia kitu.

Kumbe vindege vilikuwepo muda wote, yeye ndiye hakuvisikia. Baba yake naye alianza kupoteza usikivu hivihivi: kwanza kindege hiki, mwaka uliofuata kingine chenye sauti ya juu, mwisho akabaki kwenye kiti cha dirishani, daftari limefungwa, mpaka walipomzika.

"Mimi nina kumi na viwili kwa sauti," Desmond alisema, kalamu mkononi. "Wewe je?"

"Kumi na viwili," Enid akajibu upesi, akaandika.

"Ajabu, leo tumelingana! Siku zote unanishinda, halafu unanicheka njia nzima."

Walienda hatua ishirini hivi. Daftari lilimchoma mfukoni kama kitu cha wizi. Alisimama, akalitoa, akakata ile kumi na mbili, akaandika moja, kile alichokiona. Desmond akachungulia, akataka kutania, kisha akamwangalia usoni, akairudisha kalamu mfukoni.

"Ni masikio, Desmond. Naogopa sana."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Sijui." Akafuta macho kwa ncha ya skafu. "Kesho ukivisikia, niguse bega, unionyeshe mti. Idadi usiniambie."