Nilivyotobolewa Siku ya Akika ya Mwanangu

Jamani, aibu niliyoipata siku ya akika ya mwanangu, mpaka leo nikimwona mama mkwe kwa mbali hapa Mabawa nabadilisha njia, na wala hanifukuzi mtu.

Mambo yalianzia wodini. Zuhura, mke wangu, kajifungua salama, kalala kwa uchovu, akaja nesi mmoja mpole akaniambia wanafanya utafiti wa ugonjwa wa manjano kwa watoto wachanga, wangependa kumtoboa mtoto kisiginoni, tone moja tu la damu, siku ya saba, je, wazazi tunaridhia? Akaanza kunieleza, mimi (kichwa cha ubaba kilishavimba) nikamkatiza: "Sista, baba ndiye mimi, nimeridhia, njooni nyumbani." Akasema nizungumze na mama wa mtoto kwanza. Nikasahau. Haya, sikusahau, niliogopa.

Siku ya saba mbuzi kachinjwa, udi unafuka, mtoto ananyolewa, wanawake wamejaa ukumbini, nesi huyo anapiga hodi na kisanduku chake.

"Kuna mgonjwa humu?" mama mkwe akauliza. Nikasema hapana, wanataka damu ya mtoto kidogo tu. Lo! "Damu? Siku ya leo? Ya kupeleka wapi?" Mmoja akasema itauzwa hiyo, mwingine kamfunika mtoto kwa kanga. Lakini kilichonichoma ni jicho la Zuhura, jicho la mtu aliyepitwa kwenye jambo la mwanawe mwenyewe.

"Baba Salimu, damu inapimwa nini? Tukikataa, mtoto atanyimwa matibabu?" Zuhura akaniuliza.

Sikujua hata moja. Nesi ndiye aliyejibu yote, taratibu, akamalizia: "Usiporidhia, mama, naondoka zangu, na kliniki mtakuja kama kawaida."

Zuhura akafikiri. "Basi mtoboe baba yake kwanza, yeye aliyeridhia upesi."

Ukumbi ukaangua kicheko, nami kwa ujuba nikatoa kidole, nikaliona tone lile jekundu, na baada ya hapo sijui. Nazinduka niko chini, kikoi kimefunguka (namshukuru Mungu nilivaa kaptura), na anayenipepea kwa upindo wa kanga ni nani? Mama mkwe! "Pole, baba," ananiambia, mbavu hana.

Mtoto akatobolewa kwa ridhaa ya mama yake, akalia kidogo, akapewa ziwa, akanyamaza. Wageni walipoondoka Zuhura akaniambia, "Nisingekataa mimi. Ungeniuliza tu."

Nimekoma. Siku hizi hata mkiniuliza mtoto avishwe kofia gani, nitawaambia ngojeni kwanza, mama yake yuko ndani.